Nakala ya Tisa

Usiitafute nchi hii. Haipo. Nimekagua ramani zote nilizoweza kuzipata, ile ya shuleni na ile iliyobandikwa kwa kinyozi kuziba ufa, sikuiona. Kwa hiyo akitokea mtu akakunong'oneza kwamba ni ile ya ng'ambo ya mto, au, Mungu apishe mbali, hii hii tuliyoikalia, mwambie ana lake jambo. Wenyeji huiita Nchi Yetu, lakini kwa sauti ya chini, maana bado haijathibitishwa ni ya nani.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo kulikuwa na chuo kikuu. Nyuma ya chuo, ukipita kantini, ukipita na choo chenye tangazo la "maji yanakuja" lililoandikwa kwa rangi ya mafuta ili lidumu, kulikuwa na chumba kirefu kinachonuka naftalini. Hicho ndicho walichokiita hebaria, nyumba ya mimea iliyokaushwa. Makabati hamsini na mawili, na ndani yake mimea ya porini imeshonewa kwenye karatasi ngumu, mzizi chini, ua juu, na pembeni lebo ndogo inayosema huyu ni nani, kachumwa wapi, siku gani, na nani kamchuma.

Lebo nyingi zilikuwa na jina moja: Zahoro Likwata. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akipanda milima na kushuka mabonde akichuma na kutia nukta kwenye ramani. Magoti yake yote mawili yalikwisha kustaafu kabla yake. Na alikuwa amechoka. Si ule uchovu unaotoka kwa kuoga na kulala. Huu ulikuwa umemkaa kama koti la kazi, anauvaa asubuhi na anautundika jioni.

"Mzee, leo umechoka?" wanafunzi walikuwa wakimwuliza.

"Leo bado," anajibu. "Huu ni wa juzi."

Mwenzake pale hebaria alikuwa Bi. Mwajabu, mshonaji wa mimea, mwanamke mwembamba mwenye sindano kali na ulimi uliozidi sindano. Yeye na Zahoro walikuwa watani. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo watatukanana tu. Kwa hiyo Bi. Mwajabu alikuwa na ruhusa ya mababu kumwambia Zahoro lolote, hata msibani.

"Mtani," alikuwa akimwambia, "siku ukifa usihangaishe watu na jeneza. Mimi nakushonea kwenye karatasi, nakutia naftalini, kabati la hamsini na tatu. Ila lebo uiandike mwenyewe kabisa, mwandiko wangu mbaya."

*

Mwaka huo serikali ilizindua Ramani ya Uoto wa Taifa. Ilizinduliwa kwa tarumbeta na ngoma kabla haijaandikwa kitu. Pazia liliposhuka, wananchi wakaona ubao mweupe mkubwa kama ukuta wa ghala, umezungushiwa fremu ya dhahabu, na juu yake picha ya Mheshimiwa Mlezi Mkuu akitabasamu. Mlezi Mkuu akaitazama ramani yake kwa dakika nzima, akasema, "Naona kazi kubwa imefanyika." Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyekuwa na hakika makofi yalikuwa ya nini, lakini yalikuwa mengi.

Jumatatu iliyofuata ikatoka Sheria ya Ardhi Tupu. Mahali popote pasipo na nukta ya mmea kwenye Ramani, pahesabiwe kuwa patupu, na patupu papewe mwenye kazi napo. Kwa kuwa Ramani yote ilikuwa nyeupe, nchi nzima ikawa tupu kufikia saa nne asubuhi. Watu waliokuwa wakiishi humo walishangaa kidogo, kisha wakaendelea kupika.

Mahali pa kwanza kupata mwenye kazi napo palikuwa Kilima Chongwe. Kilima hicho kilikuwa kisawazishwe ili pajengwe Uwanja wa Shukrani. Utafiti ulionyesha kwamba wananchi walikuwa wakishukuru ovyo ovyo, kila mtu kwake, wengine wamelala, bila mistari wala kipaza sauti. Tingatinga likapelekwa chini ya kilima likisubiri siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri.

Zahoro aliposikia jina la kilima hicho, kikombe cha chai kilimtulia mkononi.

Kwenye Kilima Chongwe, upande wa magharibi, kwenye ubao wa jiwe usiozidi upana wa kitanda, kulikuwa na mmea mdogo ambao wenyeji waliuita usinisumbue. Majani yenye manyoya, ua la zambarau lenye doa la manjano, ambalo lilifunguka adhuhuri kwa muda wa saa moja hivi, likishatazama dunia likajifunga. Zahoro aliugundua miaka miwili nyuma akitafuta mahali pa kukalisha magoti. Aliutafuta kwingine kote, vilima arobaini, asiuone. Ulikuwa pale tu. Mashina kumi na mawili, duniani kote.

"Na hukuuchuma?" Bi. Mwajabu alimwuliza.

"Mashina kumi na mawili, mtani. Sheria yetu unaijua."

Aliijua. Ilikuwa sheria ya wakusanyaji, haikuandikwa na serikali yoyote: chuma moja katika ishirini, ukikuta pungufu ya ishirini, salimia uondoke mikono mitupu. Zahoro alifundishwa hivyo na mwalimu wake, naye akawafundisha wanafunzi miaka thelathini na mmoja. Sasa, kwa sababu aliuheshimu mmea asiuchume, mmea haukuwepo.

*

Mkurugenzi wa Uoto, Utulivu na Itifaki alikuwa Daktari Severini Lukindo. Udaktari wake ulikuwa wa heshima. Aliupata kwa kuwa na heshima. Zahoro, aliyemzidi miaka kumi na miwili, alipoingia ofisini akamwamkia, "Shikamoo, Mkurugenzi." Katika nchi ile umri huhesabiwa kwa cheo.

"Marahaba, marahaba, mzee wangu. Kaa. Hicho kiti usikikalie, cha wageni."

Zahoro akabaki amesimama. "Mheshimiwa, nimekuja kwa habari ya Kilima Chongwe."

"Kilima Chongwe hakina kitu. Ramani inasema."

"Ramani haijaandikwa kitu, Mheshimiwa."

"Si ndivyo ninavyosema? Haina kitu. Mbona unanibishia huku unanikubali?"

Zahoro akavuta pumzi. Akaeleza habari ya usinisumbue, majani yake, doa lake, vilima arobaini. Mkurugenzi alisikiliza akiwa amefumba macho, ishara ya kufikiri sana au ya kushiba.

"Mzee wangu," alisema mwishowe, "serikali yenu ni sikivu. Kama mmea upo, ulete. Nakala tatu: moja ya kwenu, moja ya wizara, moja ya mkoa. Kila nakala kamili, kuanzia mzizi mpaka ua. Tusiletewe kitawi, ofisi ya serikali haipokei raia nusu. Ukileta, natia nukta. Nikitia nukta, kilima kinapona. Ijumaa, kabla ya saa tisa."

"Kamili na mzizi, Mheshimiwa, maana yake nimeung'oa."

"Maana yake umeusajili," akasema Mkurugenzi kwa upole. "Tujifunze kutofautisha."

*

Jumanne Zahoro akapanda Kilima Chongwe. Chini ya kilima aliishi Bi. Kidawa, mjane mwenye bustani ya mchicha na sauti ya kuita kuku walioko kata ya jirani. Dereva wa tingatinga alikuwa amelala kwenye kivuli cha kibanda cha mama huyo.

"Karibu, Mzee wa Majani!" Bi. Kidawa akamwita. "Umekuja kukiaga kilima?"

"Nimekuja kukiombea, mama."

"Basi ombea na magoti yako, nayasikia kutoka huku."

Alipofika kwenye jiwe akapiga magoti hivyo hivyo, kwa maumivu. Akachimbua mashina matatu kwa kisu kidogo, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto usingizini. Akayalaza kwenye magazeti, akayabana katikati ya mbao zake mbili, akakaza mikanda. Mkusanyaji wa mimea hukaushia mimea kwenye magazeti ya zamani; ndivyo wafanyavyo dunia nzima, gazeti linanyonya maji.

Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa ambalo lingefanyika katika nchi ile tu. Nchi Yetu ilikuwa na gazeti moja, *Neema Leo*, na kila ukurasa wa *Neema Leo* ulikuwa na picha ya Mlezi Mkuu: ukurasa wa mbele akihutubia, wa biashara akionja korosho, wa michezo akiusalimia mpira, na wa tanzia akiwasikitikia marehemu wote kwa pamoja.

Jumatano, mbele ya Mkurugenzi, Zahoro akafungua mbao. Mimea ilikuwa imetoka vizuri. Lakini utomvu wa usinisumbue ulikuwa umeingia kwenye gazeti, na Mlezi Mkuu, aliyenyolewa kila siku na kinyozi wa taifa, alikuwa ameota masharubu ya kijani.

Karani mmoja akageukia ukutani ili asije akaulizwa aliona nini.

"Hii ni nini?" Mkurugenzi akauliza kwa sauti iliyokonda.

"Utomvu, Mheshimiwa."

"Kwenye nani?"

Zahoro akatafuta jibu lisilokuwa na kifungo ndani yake, asilipate. Mimea mitatu ikachukuliwa kama kidhibiti, ikawekwa rumande kwenye kabati la chuma pamoja na redio moja na mbuzi wa plastiki, ambao kesi zao zilikuwa zikiendelea. Zahoro akaandikishwa barua ya kueleza kwa nini asichukuliwe hatua. Akaandika: *Nimechoka*. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akasema huo ndio utetezi wa kweli wa kwanza kupokelewa katika ofisi ile, akamsamehe.

"Ila mzee wangu, tangu jana waraka umebadilika." Akavaa miwani. "Nakala si tatu tena. Baada ya mashauriano mapana, ni tisa. Ya chuo, ya wizara, ya mkoa, ya wilaya, ya usalama, ya mila, ya mashauriano mapana yenyewe, ya akiba. Na ya tisa ni ya Mheshimiwa Mlezi Mkuu, kwa fremu."

Zahoro akahesabu. Kumi na mawili toa matatu.

"Tisa ndiyo yaliyobaki, Mheshimiwa. Duniani."

Mkurugenzi akavua miwani, uso ukamng'aa. "Unaona? Unaona jinsi serikali inavyopanga vitu vikakutana?"

*

"Mtani, uso wako leo ni wa kabati la hamsini na tatu," alisema Bi. Mwajabu.

Zahoro akamweleza. Bi. Mwajabu hakutania. Aliinuka, akavuta kiti, akapanda, akashusha kutoka juu ya kabati la tisa bunda la magazeti lililofungwa kwa kamba ya katani. Yalikuwa ya siku moja tu, miaka kumi na tisa nyuma, siku kamera ya taifa ilipoharibika. Wahariri hawakuthubutu kujaza nafasi ya picha kwa kitu kingine, kwa hiyo kila ukurasa ulikuwa na mraba mweupe mtupu, na chini yake maneno: *Pichani, Mheshimiwa.*

"Nilijua iko siku," alisema Bi. Mwajabu. "Nenda ukachume. Mimi nawasha pasi ya mkaa, tutakausha haraka."

"Tisa, Mwajabu. Nikachume tisa katika tisa."

"Usipochuma, tingatinga litachuma. Halina hata lebo."

*

Alhamisi, karibu na adhuhuri, Zahoro alikuwa juu ya jiwe amepiga magoti. Alichimbua shina la kwanza akaliomba radhi. La pili akaliomba radhi. Kufikia la tano alikuwa amenyamaza, maana radhi nayo inachosha. Aliponyanyua la nane akabaki anatazamana na shina moja, dogo kuliko yote, limejibanza kwenye ufa kama mtu anayetumaini kusahauliwa kwenye orodha. Ua lake lilikuwa linafunguka.

Akaweka kisu chini. Akakaa.

Bi. Kidawa akapanda na kata ya maji, akamkuta hivyo. Akatazama mbao, akatazama mashimo manane mapya kwenye udongo.

"Mzee, unatibu au unazika?"

"Wanataka tisa ili waandike kwamba upo. Nikiutoa huu, upo rasmi."

"Ili serikali ijue kipo, lazima kiishe?"

"Ndio utaratibu."

"Subhanallah." Akampa maji. "Na hao wakubwa, mmoja wao amewahi kukiona?"

"Hakuna. Mkurugenzi aliletewa, akatazama gazeti tu."

"Wakikiona watakijua?"

Zahoro akafikiri. "Mkurugenzi siku moja alimsifu Bi. Mwajabu kwa maua yaliyokuwa kwenye kitenge chake. Akauliza yamechumwa wapi."

"Basi mpelekee huyo wa tisa mchicha," alisema Bi. Kidawa, akacheka mpaka kitambaa kikamlegea kichwani. "Kule bustanini umejaa tele."

Zahoro naye akacheka kicheko cha kikohozi. Kisha kicheko cha Bi. Kidawa kikaisha na cha Zahoro kikawa kimeisha zamani, wakatazamana.

"Nilikuwa natania," alisema Bi. Kidawa.

"Najua, mama. Unao wenye ua?"

Wakashuka. Bi. Kidawa akapita kwenye matuta akichagua kama mtu anayechagua mchumba wa mwanawe, akang'oa mmoja, mnene, mzizi mwekundu, umechanua vizuri. "Chukua huu wenye afya," alisema. "Hata kwa uongo, mtu asipelekewe mboga iliyonyauka."

Zahoro alikuwa mtu ambaye katika miaka thelathini na mmoja hajawahi kuandika lebo ya uongo. Siku hiyo aliandika moja, kwa mwandiko wake mzuri, na mkono haukutetemeka. Ulikuwa umechoka mno kutetemeka.

*

Ijumaa saa nane ukumbi wa wizara ulijaa. Mkurugenzi akapanda jukwaani, akaambatana na glasi ya maji iliyokuwa na kiti chake.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo mabeberu waliosema hatuna kitu. Leo tunacho. Tulikuwa nacho hata jana, lakini jana hakikuwa na muhuri!"

Makofi. Nakala nane zikapangwa mezani. Ya tisa ikaletwa peke yake juu ya mto wa hariri, ndani ya fremu. Kitambaa kikaondolewa.

Mchicha ukawatazama wananchi. Wananchi wakautazama mchicha. Kulikuwa na kimya kidogo, kile cha mtu aliyekutana na shemeji yake mahali asipotarajia.

"Mmea huu," Mkurugenzi akanguruma, "haupatikani popote pengine duniani!"

Na watu wote, ambao hapana mmoja wao asiyekuwa ameula juzi au jana, wakapiga makofi. Mama mmoja kiti cha nyuma alikuwa nao mkobani, akausukuma chini zaidi.

Hapo ndipo Mkurugenzi akainama mezani, akatazama nane, akatazama ya tisa, akarudi kwenye nane.

"Mzee Zahoro. Hizi nane mbona hazifanani na ya Mheshimiwa?"

Moyo wa Zahoro ukashuka mpaka kwenye magoti, ukakuta hapana nafasi. Akafungua mdomo. Bi. Mwajabu akamkanyaga mguu, kwa kisigino, kwa ruhusa ya mababu.

"Usijibu," akasema Mkurugenzi. "Nimekwishaelewa. Nakala ya Mlezi Mkuu haiwezi kuwa na kosa. Kwa hiyo kosa liko kwenye hizi nane. Ni bandia. Zimepenyezwa." Akampa ishara karani. "Mashine."

Kona ya ukumbi ilikuwa na mashine ya kukatia karatasi za siri. Karani akazilisha moja baada ya moja. Zahoro alisikia mara nane: mlio wa karatasi ngumu, kisha mlio mfupi mkavu wa kijiti kinachovunjika. Mishono ya Bi. Mwajabu, mashina manane, doa la manjano. Alisimama mikono pembeni akihesabu, kwa sababu ilikuwa kazi yake kuhesabu. Bi. Mwajabu hakumtazama. Alimshika kidole kimoja cha mkono, basi.

Saa tisa kasoro dakika tano, nukta ya kwanza ikatiwa kwenye Ramani ya Uoto wa Taifa. Dereva wa tingatinga akaamshwa, akaambiwa aondoke. Kilima Chongwe kilipona.

*

Ungedhani imeisha hapo. Wewe hujawahi kuishi katika nchi isiyokuwepo.

Mchicha ukatangazwa kuwa Mmea Adimu wa Taifa. Ni marufuku kuung'oa, kuukata, kuuchambua, kuuungia nazi, au kuutaja pamoja na dagaa. Sokoni wakauita "ile ya kijani", ukauzwa chini ya vitunguu na mtu amesimama mlangoni. Kwenye kantini ya wizara uliletwa umefunikwa kwa ugali, na Mkurugenzi mwenyewe alikuwa akimwinamia mpishi na kunong'ona, "Ile ipo?"

Zahoro akapewa cheti na kazi ya kutia nukta zilizobaki. Akazunguka na GPS yake nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilikuwa na mchicha, uani, kwenye makopo, pembeni ya bomba. Kila alipopita palikuwa hifadhi. Wanawake walimlaani kwa adabu. "Shikamoo, mzee," walimwambia, "Mungu akuone." Ramani iliyokuwa nyeupe ikaanza kuwa nyeusi.

Kisha notisi ikabandikwa kwenye kibanda cha Bi. Kidawa: anaishi ndani ya hifadhi, ahame katika siku thelathini.

Zahoro aliisoma mara mbili, akajikalisha kwenye tuta. Bi. Kidawa hakumfokea, na hilo ndilo lililomuuma.

"Mzee wangu, mimi nilitania tu," alisema.

"Najua, mama. Mimi ndiye niliyekuwa sitanii."

Alirudi mjini siku hiyo hiyo na kufanya kazi yake, neno kwa neno kama waraka ulivyosema. Alitia nukta bustani ya Mkurugenzi, ambako mchicha ulikuwa umeota nyuma ya tangi. Alitia nukta mfereji wa jikoni wa wizara. Akaomba kibali, akakipata, akatia nukta nyingine kubwa nzuri nyuma ya jiko la Ikulu. Kwa mujibu wa sheria, serikali nzima ilikuwa na siku thelathini.

Mkurugenzi alimwita. Safari hii alimpa kiti cha wageni.

"Mzee wangu, hizi nukta haziwezi kupunguzwa?"

"Mmea uko pale, Mheshimiwa. Ulisema mwenyewe, nukta ikitiwa, pamepona."

Kukawa na mashauriano mapana kwa siku tisa. Siku ya kumi ukatoka waraka ulioandikwa vizuri kuliko zote: *Wakazi wote waliokutwa ndani ya hifadhi kabla ya hifadhi, kuanzia leo wahesabiwe kuwa sehemu ya uoto.* Uoto haung'olewi. Notisi zikabanduliwa.

Zahoro ndiye aliyempelekea Bi. Kidawa habari kwamba yeye, kisheria, ni mmea.

Bi. Kidawa akafikiri huku akikoroga chungu. "Mmea hulazimika kwenda mikutano ya hadhara?"

"Hapana, mama. Mmea hukaa pale pale."

"Basi wamenifaa. Nawa mikono."

Adhuhuri hiyo walikula ugali na dagaa, na chini ya dagaa palikuwa na ile ya kijani, imeungwa kwa nazi. Askari wa hifadhi aliyewekwa kuulinda mchicha wa Bi. Kidawa alikula nao, akiwa ameutazama ukuta ili asione anachokula.

Baada ya kunawa Zahoro akapanda kilima, akipumzika kila baada ya hatua kumi. Alikikuta kile kishina cha mwisho kwenye ufa wake. Ua lilikuwa limekwisha, limebaki kikoba kikavu cha mbegu, kimepasuka. Na pale kwenye yale mashimo, kwenye udongo alioutifua kwa kisu chake mwenyewe, vilikuwa vimechipua vichwa vya kijani, vidogo kama kucha za mtoto mchanga. Akahesabu. Kumi na moja. Akahesabu tena, akapata kumi na tatu.

Akatoa daftari kwa mazoea. Akatoa GPS, ikatafuta anga, ikalia kuashiria kwamba imejua ilipo. Akafungua ukurasa mpya, akaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi.

Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akazima kifaa, akafunga kalamu, akalaza mgongo wake kwenye jiwe karibu na vile vidogo, bila kuvigusa, akalala usingizi wa mchana wa kwanza tangu aajiriwe.

Basi ndiyo hiyo nchi. Na kama ulikuwa unajiuliza tangu mwanzo kwa nini nimekataa kukwambia iko wapi, sasa unajua nimejifunza kwa nani.